Chembe Zinazomeza Bila Kuua

Katika masomo yaliyopita tulizungumza habari za maradhi yasiyochagua mtu: ndui, tauni, kipindupindu. Leo nataka tutazame upande wa pili. Viko vijidudu ambavyo mimi na wewe twaishi navyo kila siku. Twavigusa shambani, twavimeza pamoja na chakula, wala havitudhuru. Lakini vijidudu hivyo hivyo vikimwingia mtoto fulani, humwangusha kitandani, na zamani vilimwua. Swali letu la leo ni hili: kwa nini yule, wala si ndugu yake anayelala naye kitanda kimoja?

Swali hili si la wasomi peke yao. Fikiri nyumba moja, popote upendapo. Mama amezaa watoto watano. Mabinti watatu ni wazima kabisa. Wavulana wawili wamekufa mmoja baada ya mwingine, wote kabla ya kutimiza miaka kumi, kwa majipu yasiyokwisha na homa isiyosikia dawa. Wajua majirani watasema nini. Mmoja atasema mama yule hajui usafi. Mwingine atanong'ona kwamba upo mkono wa mtu. Iweke nyumba hiyo akilini, maana tutairudia.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mwaka 1882 bingwa mmoja Mrusi, Ilya Metchnikoff, alikuwa akikaa Messina, katika kisiwa cha Sicily, nchi ya Italia. Alichukua vitoto vya kiti cha pweza, ambavyo mwili wao ni mwangavu hata waweza kuona yaliyomo ndani, akavichoma kwa miiba ya mwaridi. Kesho yake asubuhi akatazama kwa darubini, akaona kila mwiba umezungukwa na chembe ndogo zinazotembea, kama siafu waliozingira panzi. Akasema: hawa ndio askari wa mwili, na kazi yao ni kumeza kila kigeni kinachoingia. Nasi tunazo chembe za namna hiyo katika damu yetu, ndizo zile ziitwazo chembe nyeupe. Wataalamu wengine, hasa Wajerumani, hawakukubali. Wao walisema kinga haimo katika chembe, imo katika maji ya damu, kwa sababu ndani yake mna kingamwili zinazokishika kijidudu. Wakabishana miaka mingi, na kwa ukali. Mwaka 1908 tuzo ya Nobel ilitolewa kwa pande zote mbili pamoja, yaani Metchnikoff na Paul Ehrlich wa Ujerumani, maana kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya ukweli.

Kilichothibitisha nusu hizo mbili, kwa watu walio hai, ni watoto wagonjwa.

Mwaka 1952 Kanali Ogden Bruton, daktari wa watoto katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed mjini Washington, aliandika habari za mvulana wa miaka 8. Kwa muda wa miaka minne hivi damu ya mtoto yule ilikuwa imeshambuliwa na vijidudu mara 19. Shambulio moja tu la namna hiyo laweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu zake! Wakati ule hospitali ilikuwa na mashine mpya ya kutenganisha protini za damu kwa nguvu ya umeme. Bruton akapima damu ya mtoto, akaona fungu moja halipo kabisa: ile protini iitwayo gamaglobulini, ambayo ndimo zilimo kingamwili. Basi akamdunga kila mwezi gamaglobulini iliyotolewa katika damu ya watu wenye afya, na mashambulio yale yakakoma. Huyu alikuwa mtoto aliyekosa nusu ya Ehrlich. Adui yake mkubwa alikuwa pneumokoko, kijidudu kinacholeta kichomi, ambacho kimevaa koti laini lenye utelezi, na bila kingamwili chembe nyeupe haziwezi kukishika.

Habari hiyo ilienea upesi, na madaktari wakadhani sasa wamepata ufunguo wa mlango. Kila mtoto mwenye maradhi ya kurudiarudia akapimwa gamaglobulini. Ndipo wakakutana na watoto waliovuruga hesabu yote. Mwaka 1954 Charles Janeway na wenzake wa Boston walieleza habari za watoto waliougua daima, na gamaglobulini yao haikuwa imepungua, bali ilizidi kiasi cha kawaida! Mwaka 1957 madaktari Berendes, Bridges na Good wa Minneapolis wakaandika habari za wavulana wa namna hiyo, na mwaka ule ule Landing na Shirkey, Wamarekani pia, wakaandika zao. Tezi za shingoni zilivimba na kutunga usaha. Ini na wengu vilikuwa vikubwa. Mapafu yalishikwa na kichomi kisichopona, na ngozi ya kandokando ya macho, pua na kinywa ilitoka upele wenye majimaji. Ndani ya viungo vyao madaktari waliona vinundu vidogo vidogo ambavyo kitabibu huitwa granuloma. Basi wakayaita maradhi hayo granuloma ya watoto yenye kuua. Neno hilo la kuua hawakulitia ili kutisha watu. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Baadaye liliondolewa, likawekwa neno sugu.

Sasa tazama ni vijidudu gani vilivyotolewa katika majipu ya wavulana hao, kwa sababu hapo ndipo ilipo siri. Cha kwanza kilikuwa stafilokoko, ambacho si kigeni kwetu, maana ndicho kiletacho majipu ya kawaida, na watu wengi hukibeba puani. Lakini kadiri miaka ilivyopita, orodha ilijaa majina ambayo daktari wa kawaida hakutazamia kuyaona katika mwili wa mtu.

Kiko kijidudu kiitwacho Serratia marcescens. Hiki kina rangi nyekundu kama damu. Mwaka 1819, katika vijiji vya karibu na mji wa Padua, Italia, ugali wa mahindi wa watu ulianza kugeuka mwekundu usiku, na watu wakashikwa na hofu kuu wakidhani ni kazi ya shetani. Bartolomeo Bizio, mtaalamu wa madawa, alionyesha kwamba ni kitu hai kinachoota juu ya ugali wenye unyevu, basi. Tangu hapo kijidudu hiki kilihesabiwa kuwa hakina madhara yoyote, hata wataalamu wakakitumia kama rangi ya kufuatilia mambo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwingereza Gordon alisukutua maji yenye kijidudu hiki, akasimama katika ukumbi wa Bunge la London akisoma kwa sauti maneno ya Shakespeare mbele ya visahani vya kuoteshea vijidudu, apate kujua mate ya msemaji hufika wapi. Kijidudu kile ambacho mtu mwenye akili timamu alikitia kinywani mwake kwa hiari, kwa wavulana wetu hula mifupa na kutunga usaha katika ini.

Kiko kingine ambacho mtaalamu wa maradhi ya mimea, Walter Burkholder wa chuo kikuu cha Cornell, alikieleza mwaka 1950 alipokuwa akichunguza vitunguu vinavyooza huko New York. Siku hizi kinaitwa kwa jina lake, Burkholderia cepacia, na neno cepa kwa Kilatini maana yake ni kitunguu. Mkulima huogopea mazao yake tu, lakini mtoto mwenye granuloma sugu hupata kichomi cha kuua. Kipo Chromobacterium violaceum, chenye rangi ya zambarau, kinachokaa katika maji na matope ya nchi za joto. Kilionekana kwa nyati wa Ufilipino mwaka 1905, na kwa binadamu wa kwanza huko Malaya mwaka 1927. Kipo Nocardia cha udongoni. Tena si bakteria peke yake: ukungu wa majani yaliyooza, uitwao Aspergillus, umewaua wengi wao kuliko bakteria.

Basi hapa pana vijidudu vya ugali, vya vitunguu, vya matope na vya majani makavu. Lakini mtu mwenye jicho la kuchungua hutazama pia kile kisichokuwapo. Yuko wapi pneumokoko, yule adui wa mtoto wa Bruton? Yuko wapi streptokoko aletaye vidonda vya koo? Hao walikuwapo kila mahali, lakini wavulana hawa hawakuugua kwa sababu yao kuliko watoto wengine. Mtoto mmoja anashindwa na pneumokoko lakini mwenziwe anamshinda bila taabu, na huyo mwenziwe anauawa na kijidudu cha kitunguu. Haiwezekani kwamba kitu kilichopungua kwao ni kimoja.

Jibu lilipatikana mwaka 1966 na 1967 katika chuo kikuu cha Minnesota. Beulah Holmes, Paul Quie na wenzao walichukua chembe nyeupe za wavulana wagonjwa, wakazitia katika vichupa pamoja na stafilokoko na maji ya damu, wakazitikisa polepole katika joto la mwili. Walipotazama kwa darubini, chembe zilikuwa zinameza vizuri, kama za mtu yeyote. Mtu mwingine angeishia hapo, aseme chembe ni nzima. Lakini wao walipima pia vijidudu vilivyomezwa, wakavipanda katika chakula chao ili wavihesabu. Vile vilivyomezwa na chembe za watu wenye afya, karibu vyote vilikuwa vimekufa. Vile vilivyomezwa na chembe za wavulana, vingi vilikuwa hai, vikaota.

Umeona jambo hilo? Askari amemkamata mwizi, amemtia ndani, amefunga mlango, lakini silaha hana. Na tena ni hasara juu ya hasara, kwa sababu kijidudu kilichofichwa ndani ya chembe hakifikiwi vyema na kingamwili, wala na dawa nyingi za sindano. Mwili nao, ukiona hauwezi kukiua, hukizungushia ukuta wa chembe nyingine na nyingine. Ukuta huo ndio kinundu. Yaani vile vinundu vilivyowapa maradhi jina lake ni jela zilizojengwa na mwili uliokosa njia nyingine.

Silaha yenyewe ni ipi? Mwaka 1933 Baldridge na Gerard wa Chicago walikuwa wameona kwamba chembe nyeupe za mbwa, zikianza kumeza vijidudu, huvuta oksijeni nyingi kwa ghafla. Wakadhani ni kama mtu anavyohema akibeba gunia. Kumbe sivyo. Oksijeni ile si ya kupumua. Chembe huigeuza kuwa sumu, na mojawapo ya sumu hizo ni haidrojeni peroksaidi, yaani ile dawa ya maji inayotoa povu jeupe inapomiminwa juu ya kidonda. Chembe za wavulana wa Minneapolis hazikuhema. Zilimeza kimya.

Mwaka 1967 Robert Baehner na David Nathan wa Boston walipata njia rahisi ya kuonyesha upungufu huo. Iko rangi ya manjano ambayo, ikiingia ndani ya chembe nyeupe inayofanya kazi yake, hugeuka buluu iliyoiva kama nili. Chembe za mtoto mwenye granuloma sugu hubaki bila buluu. Tone la damu, rangi, kioo na darubini: hivyo tu. Mimi huona kwamba katika habari yote hii hakuna jambo zuri kuliko hili, maana maswali yaliyowashinda mabingwa kwa miaka 13 yaliweza sasa kujibiwa mezani kwa mchana mmoja.

Na sasa turudi katika ile nyumba yetu. Mwaka ule ule wa 1967, Dorothy Windhorst pamoja na Holmes na Good walichunguza damu ya mama za wavulana. Mama hao walikuwa wazima. Lakini walipotazama chembe zao moja moja, waliona baadhi zinafanya kazi na nyingine hazifanyi, zimechanganyika katika damu ya mtu mmoja. Sababu ni hii. Mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanamume anayo moja. Mwaka 1961 mwanamke mtaalamu wa Uingereza, Mary Lyon, alikuwa ameeleza kwamba katika kila chembe ya mwanamke X moja hulala na nyingine hufanya kazi, na kwamba chembe hii huweza kulaza ile ya baba, na jirani yake ile ya mama. Basi ikiwa X moja ina kasoro, mama ana askari wenye silaha na askari wasio na silaha, na wenye silaha humtosha. Lakini kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi moja katika mbili ya kupokea X yenye kasoro, naye hana ya pili ya kumwokoa. Binti akiipokea, huwa kama mama yake.

Kwa hiyo wavulana wawili wamekufa na mabinti watatu ni wazima, bila uchafu wa mtu na bila mkono wa mtu. Yafaa kuongeza hapa kwamba huko Marekani na Ulaya kiasi cha theluthi mbili za wagonjwa hurithi kwa njia hiyo ya X. Waliobaki hurithi kasoro kutoka kwa baba na mama pamoja, na hao waweza kuwa wasichana pia. Njia hii ya pili huonekana zaidi mahali ambapo watu wa ukoo mmoja huoana. Maradhi yenyewe ni adimu: Marekani huhesabiwa kwamba hupata mtoto mmoja katika 200,000 hivi.

Tumebakiwa na kitendawili cha pneumokoko. Mwaka 1968 Kaplan, Laxdal na Quie walionyesha kwamba chembe za wavulana huua streptokoko vizuri kabisa. Maelezo yalikuwa ya kuchekesha kidogo. Vijidudu vya namna hiyo hutoa haidrojeni peroksaidi vyenyewe, wala havina kile kimeng'enya kiitwacho katalasi cha kuiondoa. Basi vikimezwa, humletea askari asiye na silaha silaha yao wenyewe, vikafa kwayo. Stafilokoko, Serratia na wenzao wana katalasi, nao huponyoka. Nisikufiche kwamba habari si rahisi hivyo moja kwa moja: majaribio ya panya yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba stafilokoko aliyenyimwa katalasi bado aliwaangusha panya wenye kasoro hii. Katalasi ni sehemu ya jibu.

Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1986 na kundi la Stuart Orkin huko Boston. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jeni ya maradhi kutafutwa kwa kujua mahali pake tu katika kromosomu, kabla ya kujulikana protini inayoitengeneza. Lakini wagonjwa walikuwa wameanza kufaidika mapema zaidi, na dawa iliyowafaa twaijua sote: kotrimoksazoli, ile tuiitayo Septrin, ikimezwa kila siku, mtoto awe mgonjwa au mzima. Huingia ndani ya chembe, ikamkuta kijidudu katika maficho yake. Baadaye zikaongezwa dawa za ukungu. Mwaka 1991 ilitangazwa habari ya wagonjwa 128 waliogawanywa katika mafungu mawili. Katika wale 65 waliodungwa maji yasiyo na dawa, 30 walipata maradhi makubwa. Katika wale 63 waliodungwa intaferoni gama, ni 14 tu. Wagonjwa ambao zamani hawakuvuka utoto sasa huoa na kuzaa.

Na kwa kuwa waliishi, wakaonyesha mengine mapya. Mwaka 2006 madaktari wa Bethesda, Marekani, walieleza kijidudu ambacho hakikuwa kimepata kuandikwa popote, kilichotoka katika tezi za mgonjwa wa granuloma sugu mwenye umri wa miaka 39. Wakakiita Granulibacter bethesdensis. Ukoo wake ni ule wa bakteria wanaogeuza pombe kuwa siki! Mpaka siku hiyo haikuwa imeonyeshwa kwamba mmoja wa ukoo huo aweza kuingia ndani ya mwili wa mtu na kumdhuru.

Neno la mwisho latuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki hasa. Watoto wetu huchanjwa BCG wakiwa wachanga. Chanjo hiyo ni kijidudu hai kilichodhoofishwa, ndugu wa kile cha kifua kikuu, na kwa mtoto wa kawaida huacha kovu dogo begani basi. Kwa mtoto ambaye kinga yake ina kasoro ya kurithi, yaweza kuwa jipu lisilofunga, uvimbe mkubwa wa tezi za kwapani, au homa inayoenea mwili mzima. Mwaka 1996 uchunguzi wa namna hii, kwa watoto wa kijiji kimoja cha Malta walioshambuliwa na ndugu wengine wa kijidudu cha kifua kikuu, na kwa mtoto wa Tunisia aliyedhuriwa na BCG yenyewe, ulionyesha kasoro nyingine ya kurithi iliyo tofauti na granuloma sugu. Sisemi hivi ili mtu aache kumpeleka mtoto chanjo. Kifua kikuu ni adui wa wengi, na watoto hawa ni wachache mno. Nasema hivi kwa ajili ya mama ambaye amekwisha kufiwa na mtoto wa kiume kwa majipu na homa. Mama huyo na amweleze mkunga au daktari habari hiyo kabla mtoto anayefuata hajadungwa sindano. Daktari naye, akisikia jina la kijidudu cha ajabu kutoka maabara, asilitupe kwa kudhani kichupa kilichafuka. Apeleke tone la damu ya mtoto, na la mama yake, mahali penye kipimo cha ile rangi, au cha mashine ya siku hizi inayohesabu chembe kwa mwanga.

Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza habari za mtoto mchanga aliyetibiwa Minneapolis mwaka 1968 kwa uboho wa dada yake, na mtibabu mkuu alikuwa yule yule Robert Good.